Nyonga ya Mama

Jumatano, tarehe 12 Machi 2081. Asubuhi hii ukungu umefunika vilima vya Ngara na manyunyu hayajakatika.

Afisa wa Mamlaka ya Madini alikuja na majirani wawili wa kushuhudia. Nyonga ya bandia aliyowekewa mama yangu ni ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya kobalti, na kobalti yote sasa ni mali ya Mamlaka. Haishiki kutu, inastahimili moto, na injini za ndege na betri zinaihitaji. Mwenye nayo huachiwa maadamu anatembea. Akishindwa, hupasuliwa itolewe.

"Bibi, toka mlangoni hadi jikoni. Bila fimbo."

"Mama yako naye umemtembeza leo?" mama akamjibu, akainuka.

Nikamwomba Mungu kimoyomoyo. Katikati ya ua mama aliteleza, akashika kamba ya kuanikia nguo.

"Ameshika," alisema afisa, akaliashiria gari la upasuaji lililokuwa barabarani.

"Ni tope hilo!" nilifoka.

Jirani yetu Mama Kabura akacheka. "Airudishe tu. Wajukuu zangu wanakosa betri, yeye anailalia."

Afisa akanigeukia. "Nyabenda, wewe ni mtu wa sala. Apa kwamba akishindwa kutembea utatuita, nami nitaondoka."

"Usiape, mwanangu," mama alisema. "Ukiapa utatimiza. Nakujua."

Gari lilikuwa limeshafunguliwa mlango. Niliinua mkono.

"Naahidi mbele za Mungu na majirani hawa: siku mama atakaposhindwa kutembea, nitawaita mimi mwenyewe."