Sauti ya Baba Yapata Kibali

Mjini kwetu, programu ya sauti hairuhusiwi kugusa spika halisi mpaka ifanye kazi mwaka mzima kwenye spika ya kuigiza, isiyotoa mlio wowote. Hivyo ndivyo dada yangu Mwanaidi alivyoijaribu programu yake ya kusoma maneno anayoandika baba kwenye simu, kwa sauti ya baba iliyorekodiwa kabla hajaipoteza kwa ugonjwa wa koo.

Jana kibali kilitoka. Tuliunganisha spika sebuleni, majirani wamejaa mlangoni.

“Hongera, mwanangu. Umenitoa kimasomaso,” ikasema sauti ya baba, ileile ya zamani.

Mama alipiga vigelegele. Mwanaidi alisimama wima, machozi yakimtiririka, akipokea mikono ya watu.

Baba, naye akitabasamu kwa fahari, alichukua kalamu akaniandikia kwenye karatasi: “Ndivyo nilivyotaka kusema. Imejuaje kabla sijaandika?”