Shimo la Muhanga

"Masikio ya punda, pua ya nguruwe! Au ni fisi aliyelaaniwa?" mkazi mmoja alitania, wenzake wakacheka. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mtweve, akamsogezea Bi Nyamizi, mfuaji nguo wao, picha iliyonaswa na kamera ya ukutani.

"Huyo ni muhanga, baba. Hana neno na mtu, anakula mchwa tu. Amechimba wapi?"

Wakampeleka nyuma ya bwawa la kuogelea. Kwenye kifusi chekundu, mdomoni mwa shimo, lilikuwa limelala bakuli la bati lenye tundu katikati.

"Takataka za mafundi," alisema Mwenyekiti. "Leteni zege tuzibe."

Bi Nyamizi aliliokota, akapitisha kidole tunduni. Tundu lile alilitoboa mwenyewe kwa msumari siku walipomzika mama yake, kama ilivyo ada: chombo cha marehemu hutobolewa kikaachwa juu ya kaburi, asije akakitumia mwingine. Miezi miwili baadaye yakaja matingatinga, yakasawazisha makaburi ili mtaa huu ujengwe. Na maofisa ardhi wa serikali, bila haya, wakaandika kwamba hapa hapajawahi kukaliwa na mtu.

"Bibi, toka hapo, zege linakuja," alisema Mwenyekiti.

"Mnammwagia nani zege? Mama yangu yumo humu!"

Hakuna aliyecheka. Toroli la zege lilisimama. Bi Nyamizi akakaa kitako mdomoni mwa shimo, bakuli mapajani, na kutoka ndani udongo ukaanza kurushwa, ukimwangukia mgongoni.