Mkwe Kwenye Njia ya Kwihara

Karani Eustace, tai shingoni na kalamu mbili mfukoni, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichuguu, akimvizia mama mkwe wa mtu mwingine.

Kazi ya heshima hiyo. Si kila siku pori la Kwihara hutembelewa na msomi.

Chanzo kilikuwa gari. Bwana Barabara, Mwingereza aliyesimamia njia zote za wilaya, ambazo mvua ilizila kila mwaka, alikuwa na Austin ya kabla ya vita. Ilipokufa aliitupa majanini nyuma ya stesheni ya Tabora, akamwambia Kasimiri aliyekaa jirani, "Chukua, ufugie kuku."

Kuku hawakufugwa. Miaka miwili uani kwa Kasimiri kulilia msumeno na nyundo. Paa likakatwa. Madigadi yakang'olewa. Injini ya lori la jeshi ikapachikwa, kubwa hata boneti ikagoma kufunga. Ikaachwa wazi kama kifua cha mlevi. Watu walipouliza lile dude limeingiaje, Kasimiri alitabasamu tu: "Siri ya fundi." Siku gari lilipowashwa, mbuzi wa mtaa mzima walikata kamba.

Bwana Barabara akausikia mngurumo. Ghafla akakumbuka kwamba lile gari ni lake.

"Tushindane mpaka Kwihara," alisema, maana Waingereza ni watu wa haki hata wanaponyang'anya. "Mimi na gari langu jipya. Ukitangulia, hilo ni lako daima. Nikitangulia, unalirudisha."

Eustace, karani wake, akachomeka sharti lake: "Na aliyelitengeneza ndiye aliendeshe. Hakuna kukodi dereva wa malori."

"Haya," alisema Kasimiri, akikung'uta kanzu yake nyeupe pee. "Aliyelitengeneza."

Mkewe Siwema alisimama nyuma yake, grisi hadi viwikoni. Eustace alimhurumia. Kumfulia fundi ovaroli si mchezo.

Mji mzima ulijua gari jekundu la Kasimiri litashinda. Eustace peke yake ndiye aliyekumbuka mila. Mnyamwezi aliyeoa hakutani na mama mkwe njiani. Akimwona kwa mbali huacha njia na kujitosa porini, hata akiwa anakimbizwa na simba. Na Kasimiri alikuwa mtu wa mila hadi kwenye kucha. Basi karani akatuma salamu kwa Bi Ngollo, mama yake Siwema: Jumamosi asubuhi alete karanga Kwihara, kuna mteja.

Bwana Barabara aliposikia mpango huo alicheka mpaka kiko kikamdondoka. "Eustace, wewe ni Mwingereza kabisa!"

Eustace aliivaa sifa hiyo wiki nzima kama nishani. Jumamosi akatangulia kwa baiskeli, akachagua mahali pazuri: kona, visiki kulia, vichuguu kushoto. Dereva wa kuingia humo angetoka na usukani tu.

Bi Ngollo akatokea, kapu kichwani, akitembea katikati ya njia kama aliyeichonga yeye.

"Shikamoo, mama," Eustace alinong'ona.

"Marahaba. Unajisaidia hapo, mwanangu?"

"Napumzika, mama. Usikae pembeni, kuna nyoka."

"Namwona. Amevaa tai."

Mngurumo ukakata maneno. Gari jekundu lilichomoza likitimua vumbi, dereva ndani ya koti la jeshi, kofia hadi masikioni, miwani mikubwa kama macho ya bundi. La Bwana Barabara halikuonekana hata kivuli. Lilikuwa vumbi dogo huko nyuma sana.

Dereva akamwona mama aliyebeba kapu. Breki zikalia. Eustace akauma ngumi kwa furaha, akafumba macho asione visiki vikifanya kazi yake.

Hakusikia kishindo. Akafumbua.

Gari lilikuwa limesimama palepale njiani, hatua mbili kutoka kwa Bi Ngollo. Dereva alishuka, akavua kofia na miwani, akapiga magoti vumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Siwema," alijibu Bi Ngollo, akikwea garini na kapu lake. "Haya, fundi, tia moto. Mzungu anakuja."