Mshono wa Mkiani

“Shona,” Matheka alisema. “Shona mpaka mwisho, Nzuki. Usiache hata tundu.”

Nzuki hakuyaamini masikio yake. Alikuwa amefika sasa hivi tu kutoka soko la Jericho, alikoshona turubai za malori, na hata kofia alikuwa hajavua. Upande ule wa kushoto wa mkia wa ndege ndio aliokatazwa kuugusa siku zote. Kila alipoukaribia na sindano, Matheka alimwambia, “Hapo niachie mimi. Bado kuna kazi ndani.”

“Ya ndani umeimaliza?”

“Nimeimaliza. Shona.”

Nzuki akavuta kigoda, akatia uzi wa nta kwenye sindano. Moyo ulimruka kwa furaha. Miaka yote hiyo, kumbe leo ndiyo siku yenyewe!

Waliianza ndege hiyo mwaka wa sabini na sita, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya Matheka, wakifuata michoro iliyotoka katika gazeti moja la Wazungu. Matheka, seremala, alichonga mbao. Nzuki alishona kitambaa. Musembi, mwana wa pekee wa Matheka, ndiye aliyezijua hesabu za injini, mpaka alipoajiriwa katika jeshi la wanahewa akawaacha wazee peke yao.

Mtaa mzima uliwacheka. “Wazee, Ulaya tunaenda lini?” vijana waliwauliza kutoka barabarani.

Matheka alikata tamaa mara nyingi. Mvua iliozesha bawa moja. Injini ya Volkswagen waliyoipata ikaonekana imepasuka. Aliyekataa kushindwa ni Nzuki. Alikuja kila Jumamosi, akamtoa mwenzake kitandani akitaka asitake. “Haba na haba, bwana. Leo tuunge ubao mmoja tu, halafu ulale.” Ubao mmoja ukaita mwingine, na jua likatua wakiwa bado kazini.

Kisha ikaja Agosti ya themanini na mbili. Wanahewa walijaribu kuipindua serikali wakashindwa; risasi zililia mjini, wakasombwa na malori, na Musembi hakuonekana tena. Wapo waliosema amevuka mpaka. Wengine walishusha sauti wakasema mengine.

Nzuki alidhani ndege nayo imekufa. Kumbe hapo ndipo Matheka alipopata nguvu mpya! Alizidisha kimo cha ukuta wa kibanda, akatia kufuli, na hakuna siku aliyokosa kuingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, lakini kila Jumamosi Nzuki alikuta kazi ya kushangaza, mbao zimeungana hata wembe haupenyi.

“Majonzi yamempa mikono mingine,” Nzuki alimwambia mkewe.

Jambo moja tu lilimtatiza. Kila ndege ilipokaribia kwisha, Matheka alibomoa kitu, akaanza upya.

Lakini leo mshono ulikuwa unakwenda. Nzuki alikuwa amefika katikati aliposikia milango ya gari ikibamizwa huko nje. Jecinta, mke wa Matheka, akatokea na sufuria ya githeri mikononi.

“Wamefika,” alisema.

Matheka hakugeuka. “Usiinue kichwa, Nzuki. Shona.”

Nzuki akainamia sindano. Ndege katikati ya mtaa, na mwenyewe ni baba wa mwanahewa aliyetoweka. Nani angekubali kwamba hii ni ndoto ya wazee wawili tu? Akazivuta nyuzi kwa nguvu zaidi, mishono ikakazana kama meno.

Askari kanzu walianzia ndani ya nyumba. Vitanda vilisikika vikipinduliwa, vyombo vikianguka. Walipoingia kibandani, Nzuki alikuwa anakata uzi. Mkubwa wao, mtu wa sauti ya upole, aliizunguka ndege taratibu, akachungulia kwenye kiti cha rubani, akapitisha kidole juu ya mshono mbichi.

“Inaruka?”

“Bado, afande,” Matheka alisema.

“Na mwanao je?”

“Hata mimi nangoja mtu aniambie.”

Yule mkubwa akamgeukia Nzuki. “Wewe nani?”

“Fundi wa turubai, afande.”

“Kazi safi.”

“Hapo hata upepo haupiti,” Nzuki alijibu, kisha akaona haya kwa kujisifu mbele ya bunduki.

Mtu yule akacheka. Akaketi juu ya benchi la useremala, akawasha sigara, akaanza kusimulia habari za baba yake, aliyejenga nyumba kijijini hadi akazeeka bila kuiezeka. Hakuwa na haraka. Alisimulia habari za matofali, za mchanga, za mafundi waliokimbia. Jasho lilimtiririka Matheka mpaka shingoni. Jecinta alisimama palepale na sufuria yake, hakuitua. Hakuna aliyewakaribisha wageni hata maji, na Nzuki, aliyeujua ukarimu wa nyumba ile, aliona ajabu.

Hatimaye sigara iliisha. Wakatoka. Gari likanguruma, likafifia upande wa Jogoo Road.

Nzuki akashusha pumzi. “Wameenda, na sisi tumemaliza,” alisema, akimnyooshea rafiki yake mkono. “Hongera, ndugu yangu! Ndege imekwisha.”

Matheka hakuuona mkono huo. Alikuwa amepiga magoti mkiani, kisu kikimcheza mkononi, ncha ikikataa kuingia chini ya uzi.

“Fumua, Nzuki,” alisema kwa kwikwi. “Fumua upesi! Musembi hana hewa.”