Bahasha ya Saa Kumi

"Mwalimu Ochoki! Toa kidole kwenye hiyo bahasha!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ochoki, mwalimu mkuu mwenye kitambi na digrii mbili, aliificha bahasha nyuma ya sahani ya kuku kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Nilikuwa naiangalia tu, Madam."

"Karatasi ya mtihani huangaliwa tu?" Damaris alimkazia macho. "Saa kumi ni saa kumi."

Wakacheka tena, mwingine mpaka soda ikampalia.

Siku ilikuwa tamu. Semina ya bure, na chakula juu yake, walimu wakuu watupu, katika ukumbi wa kukodi mjini Kisii: jinsi ya kujikinga na matapeli wa simu. Damaris asingeikosa. Bonasi ya chai ya mama yake, malipo ya majani ya mwaka mzima, ilikuwa imeingia kwenye simu yake Ijumaa. Zilikuwa pesa za mabati. Nyumba ya mama kule Nyamache ilivuja hata kwa umande, na fundi alisubiri kupigiwa simu jioni hiyo. Wiki ya bonasi matapeli huzagaa kama nzi kwenye ndizi mbivu, naye alikuwa ameapa hawatapata hata senti.

Mkufunzi, Osewe, kijana wa tai nyekundu, alijua kuwachekesha.

"Anayetumia mwaka wa maana kwake kuwa namba ya siri ya pesa za simu, asimame!"

Nusu ya ukumbi ikasimama.

"Haya, utajeni tuucheke pamoja. Jioni mtakuwa mmeshaubadilisha."

Wakataja, huku wakisukumana kwa viwiko. Damaris alitaja mwaka aliokabidhiwa shule. Osewe aliuandika ubaoni kando ya jina lake, akampigia saluti.

"Sasa somo kubwa," alisema. "Tapeli anakula haraka yako. Leo tutaishi bila haraka. Simu zizimwe, zitiwe kwenye bahasha, zisifunguliwe hadi saa kumi jioni. Wengine ningewaeleza bahasha iliyofungwa ni nini. Nyinyi? Nitakuwa nawatukana."

Vifua vikajaa. Miaka ishirini Damaris amebeba karatasi za mtihani wa taifa, na hajawahi kufungua bahasha hata dakika moja kabla ya wakati.

Msaidizi wa Osewe, binti mpole aliyeitwa Pam, alipita na kikapu akikusanya simu. Akarudi meza ya mbele, akainama, akawa anazitia kwenye bahasha na kugundisha, moja moja. Kila mwalimu aliitwa akatia sahihi juu ya gundi, sawasawa na siku ya mtihani. Damaris aliona vumbi jeupe kwenye vidole vya binti huyo, akampenda papo hapo.

"Wewe umewahi kufundisha, sivyo? Chaki haijifichi."

Pam aliinamisha macho, akatabasamu.

"Msimamizi wenu ni Madam Damaris," Osewe alitangaza chakula kilipoletwa. "Mimi na Pam tunakimbia. Wenzenu wa Nyamira wanatungoja saa nane."

Walimpigia makofi mpaka mlangoni.

Damaris aliusimamia ukumbi kama siku ya mtihani wa hesabu. Alimkemea Ochoki mara tatu. Alimnyang'anya Mwalimu Nyakundi kisu cha matunda. Walipotawanyika aliwaapisha wote, mkono juu.

Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa Nyamache, bahasha magotini, saa ya ukutani mbele yake, sufuria mbili chini zikikinga matone ya mvua ya mchana.

"Omwana one, mwanangu," mama alisema, "fungua basi, tumwite fundi."

"Bado dakika tano, Mama."

"Na kama ni fundi anapiga?"

"Atapiga tena. Hivi ndivyo wenye akili hulinda pesa."

Mama aliguna, akasogeza sufuria moja. Mshale ukagonga kumi. Damaris alikagua sahihi yake kwanza, akaionyesha kwa mama: haijaguswa. Kisha akachana upande mmoja kwa unyoofu, akainamisha bahasha.

Likamdondokea kiganjani jiwe laini la Tabaka, lile la wachonga vinyago, limechongwa pembe nne kwa ustadi, saizi ile ile ya simu yake, uzito ule ule. Vumbi lake jeupe lilibaki kwenye vidole vyake, kama chaki.