Lenzi Kuukuu ya Kuroiwa

Hatanaka aliinama kwenye kamera isiyo yake, akabonya hapa na pale, akauzima mlio wake. Kisha akarudi upesi kwenye kiti chake cha turubai, moyo ukimdunda kama wa mwizi wa kuku.

Hakuna aliyemwona. Wastaafu wenzake wa kupiga picha za ndege walikuwa wamekodolea macho ng'ambo ya bwawa. Mwenye kamera, Kuroiwa, alikuwa ameketi benchi la nyuma na mkewe, wakinywa chai.

Ule mlio ulikuwa umemchosha. Kila mara kamera ya Kuroiwa ilipojilenga yenyewe na kumnasa ndege sawasawa, ililia: tii-tii. Wengine wote walizima milio yao tangu zamani, kwa adabu. Kuroiwa peke yake aliuacha wake ulie, kama jogoo anayejisifia yai alilotaga kuku. Na kila baada ya tii-tii, picha ya ajabu.

Hapo ndipo palipomuuma hasa. Picha ya Kuroiwa ndiyo iliyochaguliwa kwa kalenda ya mtaa mwaka jana, na mwaka juzi pia. Mke wa Hatanaka mwenyewe aliitundika jikoni, akasema, "Huyu mtu ana jicho, jamani." Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka picha za kalenda mpya.

Laiti Kuroiwa angekuwa basi na vifaa vya maana! Kamera ilikuwa mpya, sawa, hizi nyepesi zisizo na kioo ndani. Lakini lenzi ilikuwa ya enzi za ujana wao, imechubuka rangi, imeungwa kwenye kamera kwa kipete cha katikati. Hatanaka alikuwa na lenzi mpya, ndefu kama bomba la mvua, na bado ndege wake walitoka kama matambara.

Halafu majivuno! Ukimpungia Kuroiwa mkono, anakupita kama vile wewe ni kisiki. Mpaka umwite ndipo akuinamie kwa tabasamu. Na katika umri ule, yeye na mkewe walikuja bwawani wameshikana mikono kama wachumba. Mke ndiye aliyesimamisha stendi, akaielekeza kamera kwenye kijiti anapotua mdiria mla samaki, kisha akamtia mumewe kikombe mkononi. Mke wa Hatanaka hakujua hata bwawa liko wapi.

"Mwone sultani anavyohudumiwa," Hatanaka alinong'ona.

"Wivu utakuua kabla ya presha," alijibu Sugitani, jirani yake wa kushoto.

Mke wa Kuroiwa akaenda dukani kununua matonge ya wali. Kuroiwa akaketi nyuma ya kamera yake. Mdiria akalia, akatua kijitini, bluu yake ikiwaka. Kuroiwa akabonya kitufe nusu, akasubiri. Akabonya tena, akasubiri tena. Hakupiga.

"Bwana Hatanaka, upo hapo?" aliita polepole. "Lenzi yangu imegoma. Hainasi kabisa."

Hatanaka alifurahi, kisha akasita. Je, kama kidole chake kilivuruga na kitu kingine kule ndani?

"Ndiyo shida ya vya kale," alisema, akisogea. "Hicho kipete na kamera havielewani."

Akakagua swichi ya ubavuni mwa lenzi: ilikuwa mahali pake. Akaichomoa lenzi, akazifuta pini za shaba kwa leso, akairudisha. Akazima kamera, akaiwasha. Akabadilisha betri. Kila mara Kuroiwa alijaribu, akatikisa kichwa.

"Bado."

"Si ulenge kwa mkono?" Sugitani alidakia. "Zungusha pete kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Au umesahau, bingwa?"

Kuroiwa alicheka kidogo. Vidole vyake viliigusa pete, vikaiachia. "Siku hizi siwezi tena."

Hawezi! Bingwa wa kalenda! Mdiria alijitosa majini, akarudi kijitini na samaki mdomoni, akimpigapiga kwenye kijiti. Kamera ya Hatanaka ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Angerudi kitini, akabonya, na mwaka huu mkewe angetundika picha iliyopigwa na mumewe.

"Nikuombe kitu," Kuroiwa alisema. "Mke wangu akirudi, usimwambie imegoma. Atasema basi, tukae nyumbani. Na huko nyumbani nitafanya nini, Bwana Hatanaka?"

Hatanaka akabaki pale pale. Wivu haukumtoka, lakini kitu kingine kilikuja kikakaa kando yake. Akamsogeza Kuroiwa taratibu, akaketi mwenyewe nyuma ya lenzi kuukuu, akabonya kitufe nusu.

Kijisanduku cha kijani kikamnasa ndege jichoni, papo hapo. Akapiga.

Picha ikatokea kwenye skrini. Kila unyoya ulihesabika; tone la maji lilining'inia kwenye mkia wa samaki. Katika maisha yake yote Hatanaka hakuwahi kupiga picha kama ile, na kuipiga kwa lenzi ya mwingine kulimchoma vibaya.

"Bwana Kuroiwa, unanitania? Lenzi yako haina ugonjwa wowote. Inanasa kama gundi!"

"Haiwezekani. Sikusikia..." Kuroiwa alijikatiza.

"Tazama mwenyewe basi."

Akamgeuzia skrini. Mdiria alikuwa ameijaza, ukingo hadi ukingo. Kuroiwa aliinama mpaka pua ikakaribia kuigusa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini ili Sugitani asisikie:

"Na ndege yumo?"