Kijiko Kimoja cha Magadi

Kila nyumba hapa Tanga imekabidhiwa tumbawe moja la kulea ndani ya tangi, maana bahari haiwezi tena. La kwetu alililea mume wangu, Shekue, miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alipima maji, akatia kijiko kimoja cha magadi ya kulijenga, polepole, huku akiliongelesha.

Shekue alipofariki, majirani walijaa kwangu siku zote tatu za matanga. Walipika, wakafagia, wakanilazimisha kula. Siku ya nne nikakuta tumbawe limekuwa jeupe pe, limekufa. Nilipima maji: magadi yalikuwa yamezidi mno.

“Mimi nilitia kijiko kimoja tu, shoga,” alisema jirani yangu, Mama Nasra, akilia. “Nilijua umelisahau.”

Mkwewe naye alikuwa ametia kimoja. Na kila aliyekuja kunipa pole.

Jana alikuja mkaguzi wa matumbawe. “Nani kaliua?”

Niliwatazama majirani waliosimama mlangoni.

“Mimi,” nikasema.

Nyumba iliyoua haipewi jingine. Mkaguzi akaondoka na tangi.

Leo asubuhi nimejikuta nimesimama mbele ya ukuta mtupu, kijiko cha magadi mkononi, naongea peke yangu.